Katekini Katika Kikombe na Katika Tambuu
Mhadhara wa hadhara, Magongo, Mombasa



Ukichemsha chai ya rangi kwa maji ya kisima, maji yale ambayo sabuni haitaki kutoa povu, kisha ukaiacha kikombeni dakika chache, utaona juu yake utando mwembamba wa kahawia. Ukitikisa kikombe unapasuka vipande, na ukishamaliza kunywa unabaki umeganda ukingoni. Anayeletewa mitungi kwa mkokoteni siku ambazo mfereji umekauka anaujua utando huo vizuri. Wengine hulaumu sufuria, wengine hulaumu majani.

Mwaka 1993 wanakemia wawili wa Imperial College kule London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, walichapisha jibu lake katika jarida la Nature. Jaganyi si mgeni kwetu: ndiye aliyekuja kuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Walionyesha kwamba utando huhitaji kalisi, bikaboneti na hewa. Maji yaliyotolewa madini hayafanyi utando hata kidogo. Maji ya visima vya pwani yaliyopita katika jiwe la matumbawe yana kalisi na bikaboneti tele. Pale juu, chai inapogusana na hewa, oksijeni huzishambulia kemikali zilizotoka kwenye majani. Hizo huungana zikawa molekuli kubwa zisizoyeyuka, nazo hushikamana na chokaa ya maji. Kamua ndimu na utando hauji, kwa kuwa asidi huifukuza bikaboneti na sitrati ya ndimu huishika kalisi.

Sasa tazameni. Kemikali hizo zinazoshambuliwa na oksijeni mbele ya macho yako ndizo zilizoandikwa kwenye pakiti ya chai kwamba zitaukinga mwili wako na oksijeni. Huitwa flavonoidi. Jioni ya leo nataka kuwashawishi kwamba swali tunalouliza kila siku, “Je, hiki ni antioksidanti?”, halina jibu mpaka utaje kimechanganywa na nini, mahali gani, na kwa kiasi gani. Anayekuuzia chupa ndani ya matatu huliruka swali hilo la pili, la mchanganyiko, mahali na kiasi. Siwezi kumlaumu sana, maana hata maabara kubwa za dunia ziliwahi kuliruka.

Flavonoidi ni maelfu. Kiunzi chake ni kaboni 15: pete mbili za kaboni sita sita, zilizounganishwa na kaboni tatu katikati. Kwersetini imo katika kitunguu chekundu na katika majani ya mwarobaini. Kempferoli imo katika sukuma wiki. Antosianini ndiyo rangi ya maji ya rosela, na ndiyo rangi ya chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306 ambayo watafiti wetu wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Katekini imejaa katika majani mabichi ya chai. Mmea hauzitengenezi kwa ajili ya afya ya mtu wa Magongo. Huzitengeneza ili kuchuja jua kali, kuwafukuza wadudu na kuyapa maua rangi. Sisi tumezikuta tu.

Kwa habari ya chai, msisahau kwamba nyingi ya ile inayoshuka barabara ya Nairobi kwa malori kuja kwenye maghala ya Mombasa, ikisubiri mnada ambao umekuwa hapa mjini tangu 1969, imeshaoksidishwa kiwandani. Jani hukatwa na kusagwa, kimeng’enya chenye shaba ndani yake huikutanisha katekini na oksijeni, na rangi ya kijani hugeuka kahawia. Wekundu wa turungi ni katekini iliyokwisha kuoksidishwa na kuungana, ikawa theaflavini na tearubigini. Hizo nazo bado zina elektroni za kutoa, kwa hiyo habari haiishii kiwandani.

Elektroni ndilo jambo lenyewe. Chukulieni kama deni. Radikali huru ni molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Inadaiwa na haina cha kulipa, basi humnyang’anya aliye karibu: mafuta ya utando wa seli, protini, DNA. Aliyenyang’anywa naye hunyang’anya wa pili, wa pili wa tatu. Flavonoidi, hasa yenye vikundi viwili vya haidroksili vilivyokaa ubavu kwa ubavu kwenye pete moja, ni tajiri wa elektroni na hukopesha kwa urahisi. Ikilipa deni hilo, mnyororo hukatika. Hapo ni antioksidanti kweli, na hakuna ubishi.

Lakini aliyelipa amebaki na pengo. Pengo lenyewe si la kutisha sana, kwa sababu husambaa kwenye pete nzima, na vitamini C ikiwa jirani huweza kulijaza. Shida huja pale ambapo hakuna wa kulijaza, au pale mazingira yanapokuwa ya magadi badala ya ndimu. Kwenye maji yenye magadi, flavonoidi hupoteza protoni na elektroni zake hulegea. Huanza kumkopesha oksijeni, ambaye hata hakuomba. Oksijeni hugeuka supaoksaidi, supaoksaidi hugeuka haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa mapovu. Mkopeshaji yule yule sasa ndiye anayezalisha wadaiwa.

Jaribuni nyumbani. Mimina turungi katika glasi tatu. Ya kwanza tia ndimu, ya pili iache, ya tatu tia magadi kidogo. Ya ndimu itapauka, ya magadi itaiva weusi papo hapo, na ukiiacha itazidi kuwa nyeusi kadiri hewa inavyoingia. Kama una glasi ya nne, tumbukiza msumari wenye kutu. Baada ya muda chai itakuwa nyeusi ya wino, na wino wa zamani ulitengenezwa hasa kwa namna hiyo, kwa tanini za mimea na chuma. Glasi hiyo ya nne msiinywe.

Chuma na shaba ndivyo vinavyoamua mengi. Mwaka 1894 Henry Fenton wa Cambridge aliandika jinsi chuma na peroksaidi vikikutana vinavyounguza kitu ambacho peroksaidi peke yake haikukigusa. Miaka 40 baadaye, mwaka 1934, Fritz Haber na Joseph Weiss walieleza kwa nini: chuma hutoa elektroni, peroksaidi hupasuka, na kinachozaliwa ni radikali ya haidroksili, ambayo haichagui, humvamia wa kwanza inayekutana naye. Chuma kikishatoa elektroni hakina tena nguvu ya kurudia. Hapo flavonoidi inaweza kufanya moja kati ya mawili. Inaweza kukikumbatia chuma kwa pande zote kisiguse peroksaidi, na hiyo ni kinga. Au inaweza kukirudishia elektroni yake, kikaanza upya, na tena, na tena. Molekuli ni ile ile, chuma ni kile kile. Kinachotofautisha ni uwiano wao, pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, na nani mwingine yuko karibu.

Niingize hapa jambo la nje kidogo. Watu wa Changamwe wameishi na antioksidanti kwa miongo mingi bila kuambiwa. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa hapa mwaka 1963, kikaacha kusafisha mwaka 2013, kilikuwa katika biashara ambayo haiwezi kuendeshwa bila hizo kemikali. Petroli ikikaa bila kinga hufanya gundi. Wafaransa Charles Moureu na Charles Dufraisse, miaka ya 1920, walichunguza kwa nini vitu fulani, hasa vya jamii ya fenoli, vikitiwa kwa chembe tu huzuia vingine visiharibiwe na hewa. Mpira, petroli na mafuta ya kupikia ndivyo vilivyofaidi kwanza. Kwenye pipa, antioksidanti hufanya kazi ilivyoahidi, kwa sababu pipa halili, halijisaidii, na halina ini. Kosa lilikuwa kudhani mwili wa binadamu ni pipa.

Kwa upande wa flavonoidi, mwanzo wake katika tiba ulikuwa na shangwe. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na István Rusznyák, Wahungari, waliitangaza vitamini P kutokana na malimau na pilipili ya paprika, wakidai huzuia mishipa midogo isivuje. Haikuthibitika kwamba mtu akiikosa huugua, na mwaka 1950 jina hilo likafutwa katika orodha ya vitamini. Kisha mwaka 1977 kwersetini ilijaribiwa kwa kipimo cha Ames cha bakteria, ikaonekana kuleta mabadiliko katika DNA. Kitunguu! Watu wakashtuka. Mwaka 1999 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwersetini katika kundi la tatu, yaani ushahidi hautoshi kusema ni hatari kwa binadamu. Kachumbari yenu iko salama.

Sasa tuje kwenye tambuu, ambayo kwangu ndiyo darasa bora kuliko yote, na maabara yake iko katika kila mtaa wa pwani.

Jani la tambuu hupakwa chokaa, hutiwa popoo iliyokatwa, hutiwa katu, wapendao huongeza iliki au karafuu, na walioizoea huongeza tumbaku. Katu hutolewa kwenye kiini cha mti wa jamii ya mgunga unaokua Bara Hindi: magogo hukatwakatwa, huchemshwa, na maji yake hukaushwa yakawa mabonge ya kahawia. Ni katu hiyo iliyoipa katekini jina lake. Kwa hiyo anayetafuna tambuu na anayekunywa chai wanatumia jamii moja ya molekuli. Tofauti ni chokaa. Chai ina asidi kidogo, pH yake ni karibu 5. Chokaa hulisukuma tafuno upande wa pili kabisa.

Mwaka 1987 Urmila Nair na wenzake, wakifanya kazi Lyon, Ufaransa, walichukua maji ya popoo na maji ya katu wakapima. pH ilipopita 9.5, yote mawili yalizalisha supaoksaidi na haidrojeni peroksaidi. Walipoongeza chuma au shaba, supaoksaidi ikazidi. Walipoweka DNA pamoja na popoo au katu, magadi na chuma, DNA ikaonyesha alama ya kuoksidishwa. Walipima na mate pia, na hapa ndipo utafiti mzuri hujulikana, kwa kuwa hauachi lile linalokwenda kinyume: mate yalipunguza madhara hayo. Mdomo unajitetea. Lakini tafuno linapokaa shavu moja kwa saa nzima, siku baada ya siku, chokaa na katekini hukutana na nyama ya shavu pale pale.

Sitaki mtoke hapa mkisema katu ndiyo inayoua. Popoo yenyewe ina kemikali iitwayo arekolini na shaba nyingi, na huhusishwa na ule ugonjwa wa kinywa kukakamaa mpaka mtu hawezi kukifungua vizuri. Tumbaku ina mambo yake. IARC ilitangaza mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu, na katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2004 ikasema hivyo hivyo kwa tambuu isiyo na tumbaku na kwa popoo peke yake. Ninachosema ni kwamba katika mchanganyiko huo katekini haikuja kuwa mlinzi. Anayetafuna akijifariji kwamba katu ni ya miti na ina sifa kama za chai, chokaa imeshamjibu.

Peroksaidi si zao pekee la kukopesha huku. Flavonoidi ikitoa elektroni mbili hugeuka kwinoni, na kwinoni hupenda kushikamana na protini. Mafundi wa kuchonga vinyago kule kwenye ushirika wa Wakamba, barabara ya Port Reitz, jirani zetu, wanajua vumbi la mpingo linavyowasha ngozi za baadhi ya watu. Kiini cha mpingo kina dalbajioni, kwinoni za ukoo wa neoflavonoidi, binamu wa hizi ninazozungumza. Hina nayo hushika mkono kwa njia hiyo: rangi yake, lawsoni, si flavonoidi lakini ni kwinoni, na huing’ang’ania protini ya ngozi. Kwa bibi harusi ni pambo. Kwa mtoto mchanga ambaye mwili wake una upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, jambo lisilo geni katika pwani zenye malaria, madaktari wameripoti damu kuvunjika baada ya kupakwa hina mwili mzima. Mtoto mchanga msimpake.

Nilisema maabara nazo ziliruka swali. Mwaka 2000 Barry Halliwell na wenzake walionyesha kwamba ukitia katekini au kwersetini katika maji ya kukuzia seli maabara, haraka sana hupata haidrojeni peroksaidi, kwa sababu maji hayo yenyewe huioksidisha. Makala nyingi zilizosema flavonoidi fulani imeua seli za saratani zilikuwa, kwa kiasi fulani, zinaeleza peroksaidi iliyozaliwa ndani ya chupa. Upande wa sifa njema nao uliyumba. Mwaka 2004 Silvina Lotito na Balz Frei waliwapa watu matofaa wale, wakapima damu yao, na kweli nguvu yake ya kuzuia oksidisho ikapanda. Walipochimba wakakuta iliyopandisha ni asidi ya yuriki, ambayo mwili huizalisha ukila sukari ya matunda. Flavonoidi za tofaa hazikuchangia kitu cha kuonekana. Mwaka 2012 wizara ya kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya vipimo vya ORAC, zile alama za antioksidanti za kila chakula, kwa kuwa wauzaji walizitumia kama ushahidi wa tiba na hazikuwa hivyo.

Sababu ni rahisi. Flavonoidi nyingi tunazokula hazifiki kwenye damu. Chache zinazofyonzwa, ukuta wa utumbo na ini huzifunga na salfeti au na asidi ya glukuroni, zikapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kukopesha, kisha hutolewa kwa mkojo. Kwenye damu, vitamini C na asidi ya yuriki huzizidi mno kwa wingi.

Je, basi mboga na chai havina faida? Vina, lakini huenda faida hiyo inapita mlango ambao wengi hatukuutazamia. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, na nyingine, Keap1, inayoizuia isifanye kazi. Kundi la Masayuki Yamamoto wa Japani ndilo lililoieleza Keap1 mwaka 1999. Kwinoni ndogo ndogo zikifika, huigusa Keap1, Nrf2 huachiliwa, na seli huanza kutengeneza vimeng’enya vyake yenyewe vya kujilinda. Maana yake ni kwamba uchokozi mdogo wa flavonoidi, ule upande wake wa kuoksidisha, ndio unaoweza kuwa unaamsha kinga. Mimi naliona hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika somo zima, na pia ndilo linalonifanya niogope vidonge. Kichochezi kidogo huamsha, kikubwa huumiza.

Vidonge vyenyewe vina historia. Mwaka 1994 Wafini walichapisha matokeo ya wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, antioksidanti ya karoti ambayo si flavonoidi lakini iliuzwa kwa hoja hizi hizi, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Kwa flavonoidi yenyewe, mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema kwamba EGCG, katekini kuu ya chai ya kijani, ikimezwa kama kidonge kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, huleta dalili za ini kuumia. Wanywaji wa chai ya kijani ya kawaida hupata kati ya miligramu 90 na 300. Kwa hiyo birika haliwatishi. Chupa ya vidonge ndiyo ya kuhojiwa.

Nimalizie na chuma, maana kina mama wameniuliza kabla sijapanda hapa. Ule uwezo wa flavonoidi wa kukikumbatia chuma, ambao ni kinga seli zikiwa na chuma kilichozagaa, hufanya kazi hiyo hiyo tumboni juu ya chuma cha chakula. Mwaka 1999 Richard Hurrell na wenzake walipima: chai nyeusi iliyonywewa pamoja na mkate ilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 79 hadi 94. Kutia maziwa hakukubadilisha chochote cha maana, kwa hiyo chai ya maziwa haina msamaha. Hicho ni chuma cha mimea, cha kunde, mchicha na maharagwe. Chuma cha nyama na samaki hakiguswi sana.

Ujerumani, mwaka 1998, wagonjwa wenye maradhi ya kurithi ya kulimbikiza chuma walipewa chai nyeusi pamoja na milo, na chuma kikajilimbikiza polepole zaidi. Kwao chai ilikuwa msaada. Kwa mjamzito wa Magongo anayepewa vidonge vya chuma kliniki, chai hiyo hiyo inamnyima alichokifuata. Avimeze kwa maji, au kwa maji ya machungwa, kwa sababu vitamini C hukirahisishia chuma kuingia. Kunde zake azikamulie ndimu. Chai aisogeze mbele saa moja au mbili baada ya chakula, iwe ya rangi au ya maziwa.